Pumu na Mbio za Baridini: Tunayoambiana Malindi na Ukweli Wake

Julai ile niliyokwenda Limuru kukimbia kilomita 10, begi alinifungia Mama. Aliweka sweta mbili. "Mwanangu, baridi ya bara ikikuingia kifuani haitoki," aliniambia, nami nikazivaa zote mbili, maana nina pumu tangu darasa la pili na yeye ndiye aliyekesha nami usiku wote ule. Nilikimbia vizuri hadi mwisho. Dakika saba hivi baada ya kuvuka mstari, nimesimama na chupa ya maji mkononi, kifua kikaanza kupiga filimbi. Maneno yakawa yanatoka moja moja. Sweta zimelowa jasho, kifua kina joto kabisa, na pumzi haiji.

Kwa hiyo dhana ya kwanza ni hii ya Mama, kwamba baridi huingia kwa kupenya kifuani. Haipiti hapo. Inapita mdomoni, na kinachoumiza zaidi ni ukavu wake. Mapafu yanataka hewa yenye joto la mwili, nyuzi 37, iliyoshiba unyevu: kama gramu 44 za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa ya Malindi alfajiri huja tayari imebeba gramu 20 hivi. Hewa ya nyuzi 8 kule Limuru, hata ukungu ukiwa umetanda juu ya mashamba ya chai, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 8 au 9. Pengo lote hilo linazibwa na maji ya utando wa njia zako za hewa. Ukiwa umekaa unavuta lita sita hivi kwa dakika. Ukikimbia unafika 60 na kupita, tena kwa mdomo, ukiiruka pua ambayo kazi yake ni kuipasha hewa na kuitia unyevu. Utando ukikauka hutoa kemikali zinazofanya misuli ya njia za hewa ijikaze, na hapo ndipo filimbi inapoanzia.

Dawa ya hilo si sweta. Ni kitambaa mdomoni na puani. Mimi natumia kipande cha leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa hadi ikawa laini, nimeifunga shingoni na kuipandisha juu ya pua. Kilomita moja tu imeshalowa pumzi, na unyevu ule ndio unaorudi ndani ukivuta tena.

Wengi hudhani pia kwamba ukimaliza mbio umeokoka. Kubanwa kunakoletwa na mazoezi mara nyingi hufikia kilele dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama, kisha kwa kawaida hulegea ndani ya saa moja. Inhela yangu, kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, siku ile ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa kwenye gari. Sasa inakaa mfukoni mwa bukta.

"Mwenye pumu asikimbie." Hili limewanyima watoto wetu michezo mingi. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu tangu ujana wake, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia iliyodumu hadi Brigid Kosgei wetu alipokimbia 2:14:04 kule Chicago mwaka 2019. Anayepaswa kungoja ni yule anayekohoa usiku au kubanwa mara kwa mara wiki hizi. Huyo amwone daktari kwanza.

Kuna wanaosema kupasha mwili moto ni kumaliza nguvu bure. Dakika 10 au 15 za kukimbia taratibu, na mbio fupi za kasi katikati, huwafanya wengi wetu, ingawa si wote, wasibanwe sana kwa saa moja au mbili zinazofuata.

Sasa inhela yenyewe. Mtaani utasikia ni ya mahututi, ukiianza huiachi, afadhali tembe. Tazama hesabu: mibonyezo miwili ya salbutamoli, dawa iliyo ndani ya inhela ya buluu, ni mikrogramu 200, na inafika mapafuni moja kwa moja. Tembe moja ya miligramu 4 ni mara ishirini ya hapo, inazunguka mwili mzima, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Inhela haimfanyi mtu mtumwa. Ukiona unaihitaji kila siku, ugonjwa haujadhibitiwa, na hapo ndipo wengi tunapokosea: tunategemea ile ya buluu peke yake. Inafungua njia lakini haiponyi uvimbe ulio ndani. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unashauri watu wazima na vijana wasitibiwe kwa salbutamoli pekee, bali wapate pia dawa ya kuvuta yenye steroidi, inayotuliza uvimbe huo. Dozi yake ni ndogo, na si zile steroidi za kujaza misuli. Sukutua mdomo baada ya kuivuta, basi.

Na hapana, mibonyezo miwili kabla ya mbio si kosa la michezo. WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, linaruhusu salbutamoli ya kuvuta hadi mikrogramu 1600 kwa saa 24, zisizozidi 600 katika saa 8. Tembe zake ndizo zilizokatazwa bila kibali.

Habasoda na asali mimi mwenyewe natumia, ila wakati wa kubanwa hazifungui njia ya hewa. Na moshi wa udi chumbani, jamani, usiku wa kuamkia mbio usichome.

Siku ile Limuru walinilaza chali kwenye nyasi, wakanizunguka wakinipepea. Walinihurumia, lakini ndivyo sivyo. Mkalishe mtu wima, ameinama mbele kidogo, watu wasogee mbali. Mpe inhela mbonyezo mmoja mmoja, avute taratibu, hadi kumi. Kama hana spesa, ile chupa inayokaa kati ya inhela na mdomo, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako, tundu likiubana mdomo wa inhela sawasawa, inafaa. Kama hapati nafuu, hawezi kumaliza sentensi, au midomo inageuka rangi, mkimbizeni hospitali huku mkiendelea kumpa.