Magofu ya Gede Hatuyafagii, na Ipo Sababu

Gede, mji wa kale wa Waswahili pwani ya Kenya, iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na tangu hapo malalamiko tunayoyasikia sisi tunaoyatunza magofu yake ni ya namna mbili. Kuna wanaouliza mbona pachafu hivi, majani yamejaa hadi mlangoni mwa jumba la mfalme. Kuna na wanaouliza mbona mti fulani umekatwa. Mara nyingine ni mtu yule yule, siku ile ile.

Tuanze na majani. Humo anaishi sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama wa nusu kilo hivi, pua ndefu kama mkonga. Hapatikani popote duniani ila kwenye misitu ya pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke na vipande vya jirani kama Gede. Hufukua kishimo, akakifunika kwa majani makavu, na ukipita juu yake huoni kitu. Chakula chake, wadudu na minyoo, kimo mumo humo. Kwa hiyo anayetuletea fagio anambomolea sange nyumba na kumwagia chungu. Njia za wageni tunazifagia. Kwingine hapana.

Miti nayo si ya namna moja. Watu waliuhama mji huu mwanzoni mwa karne ya 17, msitu ukaingia. Mti ulio kando ya ukuta unaukinga na jua kali na mvua ya kishindo, tunauacha. Mkuyu ulioota juu ya ukuta ukateremsha mizizi ndani ya mawe ni habari nyingine. Ule ukiung'oa, unatoka na ukuta wake. Hukatwa juu, mizizi ikaachwa ife yenyewe, kisha nafasi inayobaki hujazwa chokaa polepole.

Nimesema chokaa. Wapo wasamaria wema wanaoahidi mifuko ya saruji. Ahsante, hatuitaki. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe yaliyojengea kuta hizi, na haipitishi unyevu. Maji na chumvi hubaki ndani ya jiwe, likamung'unyuka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Kuta zilijengwa kwa chokaa, zinatibiwa kwa chokaa, hata ikichukua miezi.

Na kabla ya kuziba ufa wowote humulikwa tochi kwanza. Wakiwemo popo wenye watoto, kazi inangoja mpaka watoto waruke. Popo si mashetani, jamani; wengi wao wanakula mbu na wadudu wenzake.

Kima msiwape ndizi. Kima aliyezoea mkono wa mtu hapigi hodi, anapora na anauma, na purukushani zake hufanyikia juu ya kuta zilizokwisha legea.

Sasa sheria, maana hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka yeyote aliyegundua kitu cha kiakiolojia atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7, akitaja mahali hasa na namna kilivyopatikana, na kitu chenyewe akikabidhi. "Karibu na mbuyu" haitoshi. Mibuyu ni mingi. Kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa. Hilo ni kwa shambani kwako. Ndani ya uzio wa magofu usiokote chochote, hata kigae cha bakuli la Kichina chenye ukubwa wa ukucha. Kikishatoka mahali pake, hakituelezi tena nyumba ile ilikuwa ya nani wala ya lini. Wanyama wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kwa hiyo anayetega mitego humu anaweza kujikuta na mashtaka chini ya sheria mbili. (Haya ni maelezo ya jumla, mwenye shauri mahususi amwone wakili.)

Kuchora majina ukutani pia ni uharibifu. Kaburi moja hapa limeandikwa mwaka wake kwenye lipu, 802 wa Hijria, yaani 1399. Hayo maandishi yanatutosha.

Ukisikia mchakacho kwenye majani, simama ulipo. Sange akishtuka hupiga mkia chini, pa pa pa, akatoweka. Usimfuate nje ya njia.