Dawa za kunasa nyongo na lehemu mwilini: maswali na majibu

Zinapunguzaje lehemu ilhali haziingii kwenye damu?
Ini hutumia lehemu (kolesteroli) kutengeneza asidi za nyongo. Asidi hizo zikishasaidia kusaga mafuta, nyingi hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Kolestiramini, kolestipoli na kolesevelamu huzinasa utumboni na kutoka nazo kwenye choo. Ini likipungukiwa, huvuta LDL, ile lehemu mbaya, kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. LDL hushuka kwa asilimia 15 hadi 30, kutegemea dawa na dozi.

Unga wa kolestiramini unanywewaje?
Kwa kawaida pakiti moja ina gramu 4 za dawa. Imimine kwenye mililita 60 hadi 180 za maji au juisi isiyo na gesi, koroga, unywe wakati wa chakula; kisha suuza glasi, unywe na mabaki. Hauyeyuki, kwa hiyo chembechembe ni kawaida. Usiubwie mkavu, utakupalia. Wala usiushikilie mdomoni, huharibu meno. Watu wazima huanza na pakiti 1 au 2 kwa siku. Kikomo ni 6.

Nimeze pamoja na dawa zangu nyingine?
Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kolestiramini hainasi nyongo tu: hunasa pia warfarini ya kuzuia damu kuganda, digoksini ya moyo, levothairoksini ya tezi na baadhi ya dawa za presha, zikatoka bila kufanya kazi. Zimeze angalau saa 1 kabla ya kolestiramini, au saa 4 hadi 6 baada yake. Levothairoksini iachiwe saa 4 hata ikitangulia. Mfano: dawa ya tezi saa 12 asubuhi, kolestiramini saa 7 mchana, nyinginezo saa 1 usiku. Usiache kolestiramini ghafla bila kumwambia daktari: dozi ya warfarini iliyopangwa ukiwa unaitumia inaweza kugeuka kubwa mno, ukavuja damu.

Choo kimekuwa kigumu. Niache?
Ndiyo kero yake kuu. Ongeza maji na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Daktari anaweza kupunguza dozi. Lakini tumbo likiuma sana, unatapika na hata hewa haitoki, nenda hospitali mara moja.

Nani haimfai?
Mwenye mrija wa nyongo ulioziba kabisa, au utumbo ulioziba. Pia dawa hizi hupandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta kwenye damu, hivyo kipimo chake hutangulia. Kikizidi 500 mg/dL, kolesevelamu haitolewi.