Nilitabiri mambo kumi, ukoo ukatimiza manane

Usiku wa kuamkia Januari 1, 2022, nyumbani kwa shangazi yangu Tanga, pilau imeshaliwa na chai bado haijaletwa, nilisimama nikawasomea ndugu zangu utabiri wa mwaka. Nilikuwa nimeuandika jana yake kwenye basi, nyuma ya tiketi. Nikawaambia mapema kwamba nimeutunga kichwani, sina nyota wala jini. Wakacheka. Nikasoma:

Kiti kirefu kitatikisika. Mwanamke atakaa palipokaliwa na wanaume. Moshi utafuka mashariki. Kinachowasha kitapanda. Nyumba ya kifalme itavaa nyeusi. Watu watahesabiwa. Mlima utalia. Maji yatachukua kisicho chake. Jiwe jeupe litapatikana. Kisiwa kidogo kitapata jina kubwa.

Mimi ni mtakwimu bima. Kazi yangu ni kukokotoa uwezekano wa watu kufa, magari kugongana na nyumba kuungua, ili kampuni ijue itoze kiasi gani na iweke akiba kiasi gani. Kwa hiyo tabiri za mwaka mpya huniwasha kama upupu, maana watabiri wale wanauza bidhaa inayofanana na yangu. Usiku ule nilitaka kuwaonyesha nyumbani jinsi mtego unavyotegwa, halafu Desemba tukae tuhesabu pamoja yaliyoanguka. Hesabu ilianza mapema kuliko nilivyopanga.

Januari 6 Spika Job Ndugai alijiuzulu. Simu ya shangazi iliingia kabla sijamaliza kusoma habari yenyewe. "Mwanangu, kiti kirefu!" Nikamwambia, shangazi, nchi hii ina viti virefu vingi, na hata angetikiswa mwenyekiti wa klabu ya mpira ungenipigia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo, lakini hakutikiswa mwenyekiti wa mpira, ametikiswa Spika.

Februari 1 Bunge likamchagua Tulia Ackson. Mstari wa pili huo. Nikakumbusha kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba Anne Makinda alikalia kiti hicho hicho tangu 2010 hadi 2015, kwa hiyo palikuwa pameshakaliwa na mwanamke. Jibu la binamu yangu: "Kwani huyu si mwanamke?"

Februari 24 Urusi ikaivamia Ukraine. Mtu akiwa Tanga, Ukraine iko kaskazini. Wakaniambia ni mashariki ya Ulaya. Dira ikahamishwa bara zima na hakuna aliyeona ajabu. Mwezi Mei petroli ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, na "kinachowasha" kikapata mwenyewe. Nakiri hapa kwa mara ya kwanza: nilipoandika mstari ule nilikuwa nafikiria pilipili.

Mstari wa nyumba ya kifalme ndio ulionifundisha zaidi. Mei 13 alifariki Sheikh Khalifa bin Zayed, Rais wa Falme za Kiarabu na mtawala wa Abu Dhabi. Tuna ndugu anayefanya kazi Dubai, akaandika kwenye kundi: limetimia. Likafungwa. Septemba 8 akafariki Malkia Elizabeth. Bila kikao, bila mtu kusema "tulikosea", mstari ukang'olewa Abu Dhabi ukapandwa London. Nilipouliza ya Mei imekwenda wapi, nikaambiwa ile ilikuwa dalili. Mimi mwandishi sikuwa na mfalme yeyote kichwani. Nilijua tu kwamba Uingereza ina malkia wa miaka 95, na kwa majedwali ya vifo tunayotumia sisi, mwanamke wa umri huo ana nafasi kama moja kati ya nne au tano ya kutoumaliza mwaka. Ongeza wafalme, malkia, masultani na wazazi wao wote duniani, uone kama kuna mwaka utapita bila nyumba moja kuvaa nyeusi.

"Watu watahesabiwa" ulikuwa wizi mtupu. Serikali ilikuwa imeshatangaza sensa ya 2022, nami nikaiandika kwa sauti ya jini. Agosti 23 makarani wakapita nyumba kwa nyumba, na shangazi akautia kwenye hesabu kama mingine. Watabiri wa kweli wanafanya hivyo kila mwaka wa uchaguzi: "naona kelele za kisiasa." Oktoba 21 moto ukazuka Mlima Kilimanjaro, mlima ukalia.

Novemba 6 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba. Watu 19 walikufa kati ya 43 waliokuwemo. Siku hiyo niliacha kucheka na zoezi langu. Watu walikuwa wanazama, na kwenye simu yangu kuna ujumbe wa pongezi.

Lakini nilipotulia nikaona ndani ya msiba ule kitu ambacho nisingeweza kukitunga darasani. Mwaka huo, aliyetabiri ajali ya majini alipata. Aliyetabiri ajali ya anga naye alipata. Tukio moja, kauli mbili tofauti, na kila mmoja ana haki ya kusema "nilisema". Maneno haya mapana hufanya kazi kama kokoro: halichagui samaki, na likivutwa pwani hakuna anayeuliza lilikuwa limetegewa nani.

Kiini cha jambo lote ni kwamba utabiri wa mwaka hautimizwi na mtabiri. Yeye huacha nafasi wazi tu. Anayejaza jina, mahali na tarehe ni msikilizaji, na anajaza baada ya tukio, wakati majibu yote yapo mezani. Ndiyo maana anaamini kwa moyo wote: kazi ameifanya mwenyewe. Ndugu zangu hawakudanganywa na mimi. Nilikuwa nawakatalia waziwazi, na bado walinitetea dhidi yangu mwenyewe.

Sasa hesabu kidogo, maana bila hesabu nitaonekana nabeza watu tu. Chukua kauli ipendwayo kila Januari: "Bunge litapata msiba." Bunge letu lililochaguliwa 2020 lilikuwa na wabunge wapatao 390. Tuseme, kwa umri wao, katika kila 1,000 wa aina hiyo hufa 8 kwa mwaka. Ni makadirio yangu ya kawaida tu, si takwimu za Bunge. Hapo unatarajia vifo kama vitatu, na uwezekano wa mwaka kupita bila kifo hata kimoja ni kama asilimia 4. Yaani mtabiri anaanza akiwa na nafasi 96 kati ya 100 kabla hajatazama nyota hata moja. Tena vifo havipangi foleni. Mwaka 2020, kati ya Aprili 20 na Mei 1, walifariki wabunge watatu: Getrude Rwakatare, Richard Ndassa na Augustine Mahiga. Macho ya kawaida yanaona mkono wa mtu. Mtu wa bima anaona jinsi matukio ya nasibu yanavyopenda kurundikana.

Au ile ya "kiongozi mkubwa wa Afrika ataanguka". Tuihesabu nyuma. 2008 alifariki Levy Mwanawasa wa Zambia, na Desemba Lansana Conté wa Guinea. 2009 aliuawa João Bernardo Vieira wa Guinea-Bissau, akafariki Omar Bongo wa Gabon. 2010, Umaru Yar'Adua wa Nigeria. 2011 aliuawa Gaddafi wa Libya, ambaye alikuwa ameshaondolewa madarakani, lakini nani angemkatalia mtabiri kwa hilo? 2012 peke yake walikwenda wanne: Malam Bacai Sanhá wa Guinea-Bissau, Bingu wa Mutharika wa Malawi, John Atta Mills wa Ghana na Meles Zenawi wa Ethiopia. Miaka mitano mfululizo sentensi ile ile ingetimia bila kubadilisha herufi.

Wakongwe wa kazi hii wana mbinu bora kuliko zangu. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu ambaye tabiri zake za mwaka mpya zilikuwa habari ya magazeti yote Dar es Salaam hadi alipofariki Mei 20, 2011, aliwahi kusema kuelekea uchaguzi wa 2010 kwamba mwana-CCM atakayejitokeza kupambana na Jakaya Kikwete kuwania uteuzi wa chama atakufa ghafla. Maneno yalizua mjadala mkubwa. Itazame kama mkataba: ina sharti. Asipojitokeza mtu, sharti halijatimia na kauli haiwezi kukosea. Na kwa desturi ya CCM, rais aliyemaliza muhula wa kwanza hapingwi ndani ya chama. Kikwete alipitishwa akiwa peke yake. Kauli ikatoka uwanjani bila jasho. Kwa ufundi, namvulia kofia.

Mhubiri T.B. Joshua wa Nigeria alijifunga zaidi. Novemba 2016, kabla ya kura za Marekani, alisema amemwona mwanamke akishinda. Akashinda Donald Trump. Baadaye ikaelezwa kwamba ushindi ulioonekana ni wa jumla ya kura za wananchi, na ni kweli Hillary Clinton alimzidi Trump kwa kura kama milioni 2.9. Hata kauli iliyo wazi kiasi hicho ilipatikana kona ya kuiegesha.

Ghana polisi waliamua kuingilia. Desemba 2021 walionya kwamba tabiri za kutia watu hofu zinaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5, na mwaka uliofuata wakatenga Desemba 27 kuwa siku ya kukumbusha utii wa agizo hilo. Naelewa nia yao, ila nahofia matokeo. Anayetaja jina na tarehe ndiye wa kukamatwa, naye ndiye pekee tungeweza kumpima. Anayesema "naona wingu jeusi" yuko salama mbele ya polisi na mbele ya ukweli vilevile.

Kuna utabiri mmoja ninaouheshimu. Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, huchomwa kibanda cha makuti na mganga hutazama moshi unaelekea wapi ili ausome mwaka. Angalau hapo ishara inatoka mbele ya kijiji kizima, siku inayojulikana. (Ingawa sherehe ikiangukia Julai, na upepo wa kusi unavuma, moshi nao una desturi zake.)

Kazini kwetu maneno kama yangu ya kwenye tiketi yangefilisi kampuni kwa wiki moja. Mkataba wa bima ni utabiri uliogeuzwa nje ndani. Hausemi "maji yatachukua". Unasema chombo gani, kilichosajiliwa wapi, kikizama kati ya saa ngapi ya tarehe ipi hadi ipi, kwa sababu zipi na si zipi, na nani atalipwa shilingi ngapi. Kurasa zile za maandishi madogo ambazo wateja hutulaani kwazo zipo ili baada ya tukio asiwepo wa kuhamisha mstari kutoka Abu Dhabi kwenda London. Kwa hiyo mtu akiniletea sauti ya nabii iliyorekodiwa, namuuliza kama angenunua bima iliyoandikwa hivyo. Ilirekodiwa lini? Kitu gani kisipotokea tutasema imekosea? Mara nyingi sauti yenyewe haina tarehe na imeanza kuzunguka siku mbili baada ya msiba.

Desemba 31, 2022 tulikaa tena Tanga. Nikatoa ile tiketi. Manane yalikuwa yametimia kwa kura za wote isipokuwa yangu. Nikasema, basi angalau mawili yameanguka: kisiwa kidogo hakijapata jina, na jiwe jeupe halijaonekana. Shangazi akaichukua tiketi, akavaa miwani, akaisoma juu hadi chini.

"Wapi umeandika mwaka?" akaniuliza.

Sikuwa nimeandika.

Mwaka juzi fundi alikuwa anachimba shimo la choo uani kwake. Ardhi ile ina mawe ya chokaa, kila mtu Tanga anajua. Jioni nikapokea picha bila maneno yoyote. Shangazi amesimama kando ya shimo, kanga kaifunga kiunoni, ameshika kwa mikono miwili bonge la jiwe. Chini yake akaongeza neno moja: "Tisa."