Karatasi Isiyo na Usiku Wake

Kila mwaka ratiba ya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne hapa Kenya, inapofika, naibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya walimu, kisha nasimama kando nitazame watoto wanavyoisoma. Hawanishangazi tena. Kidole kinatafuta siku ya kwanza, kinateremka mbio hadi siku ya mwisho, halafu mmoja anapaza sauti: "Tunamaliza tarehe ngapi?" Akijibiwa, wote wanatawanyika.

Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule ya kutwa hapa Nakuru, na kupanga marudio ya kidato cha nne ni kazi niliyotwikwa miaka mingi iliyopita, ikanikaa. Mwaka wa kwanza niliivuruga. Nilichukua masomo yote, nikayagawia saa sawasawa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi kama ratiba ya darasani, nikapiga chapa na kugawa. Ilipendeza machoni. Mtihani ulipofika, msichana mmoja hodari alinifuata saa saba mchana, macho mekundu. Usiku uliotangulia alikesha na karatasi ya asubuhi, na sasa ya alasiri ilikuwa inamkodolea macho na hakuwa ameigusa kwa wiki tatu. Ratiba yangu ndiyo iliyomwambia asiiguse, maana zamu yake ilikuwa Jumamosi.

Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachohesabu ni usiku.

Fanya hivi. Andika karatasi zako zote kwa mfuatano wa ratiba, moja kila mstari. Kando ya kila moja andika ina usiku ngapi wa peke yake. Karatasi ya Jumatatu asubuhi, kama Ijumaa alasiri hukuwa na kitu, ina usiku tatu. Karatasi ya asubuhi iliyofuata siku yenye mtihani ina usiku mmoja, tena wa mtu aliyechoka. Karatasi ya alasiri, siku ambayo asubuhi pia umefanya nyingine, haina usiku hata mmoja. Ina muda wa chakula cha mchana tu. Hizo zisizo na usiku zizungushie kalamu nyekundu, na hizo ndizo za kuanza nazo Agosti.

Wanafunzi wengi hufanya kinyume. Wanaanza na karatasi ya siku ya kwanza kwa sababu ndiyo inayowatisha, na zile za mwisho wanasema watazikuta mbele ya safari. Tuseme Hisabati imewekwa Jumanne asubuhi na Historia alasiri yake. Usiku wa Jumatatu nani ataupata? Hisabati, bila ubishi. Sasa Historia karatasi ya kwanza, 311/1, ina sehemu tatu: ya kwanza alama 25 za maswali mafupi, ya pili alama 45, ya tatu alama 30, na katika hizi mbili za mwisho unatakiwa ueleze kwa hoja. Hoja za harakati za uhuru haziingii kichwani kati ya sahani ya githeri na kengele. Ama zimo tayari ama hazimo.

Tarakimu zilizo baada ya mkwaju nazo zina habari. Namba ya somo la Kemia ni 233, na tarakimu ya baada ya mkwaju ni ya karatasi. 233/1 na 233/2 ni za nadharia, alama 80 kila moja. 233/3 ni ya maabara, alama 40. Yaani moja ya tano ya somo zima iko mikononi mwako, kwenye bureti na pipeti, na hiyo haidurusiwi kitandani ukiwa na tochi ya simu. Inadurusiwa maabara ikiwa wazi, na maabara ya shule ya kutwa hufungwa jioni. Kwa hiyo kwenye mpango wa marudio karatasi ya tatu ya Kemia, Fizikia na Biolojia huwekwa mchana wa siku za shule, nadharia inasubiri jioni. Jambo jingine ambalo huwa nalirudia hadi wanachoka: katika 233/3 dakika 15 za kwanza huruhusiwi kugusa vifaa, ni za kusoma. Mtu asiyejizoeza kusoma swali lote kabla ya kushika chupa huziona dakika hizo kama adhabu.

Kiswahili kina karatasi tatu na kila moja ina tabia yake. Insha ina alama 40. Lugha ina 80, na humo matumizi ya lugha peke yake ni alama 40, sawa na insha yote. Fasihi nayo ina 80. Usiku wa kuamkia insha ningekushauri ulale. Usiku wa kuamkia lugha, pitia ngeli, mnyambuliko na uakifishaji. Usiku wa kuamkia fasihi ni wa kukumbuka tu wahusika na maudhui. Aliyekuwa hajamaliza riwaya na tamthilia hata usiku wa wiki nzima hautamwokoa.

Saa nazo. Ratiba imeandikwa kwa saa za Kizungu, na nyumbani tunasema za Kiswahili. Mtoto aliyeona 8.00 akamwambia nyanya yake "naanza na nane" anaweza kuachwa alale hadi jua liwake. Nawaandikisha wote pembeni: 8.00 asubuhi ni saa mbili, 2.00 alasiri ni saa nane. Wanacheka kila mwaka, na kila mwaka mmoja anarekebisha kimyakimya.

Kuhusu kuacha somo: tangu mtihani wa mwaka 2023, gredi ya wastani hutokana na Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Wenye masomo manane wamelishika hilo kwa furaha, wanachagua mapema somo la kutupa. Mimi nawakataza. Hujui lipi litakuangusha hadi matokeo yatoke, na nimeona gredi za watu wengi zikiokolewa na Kilimo walichokidharau.

Mazoezi ya karatasi nzima fanya kwa saa yake halisi. Hisabati ni saa mbili na nusu kwa alama 100, dakika moja na nusu kwa kila alama. Jumamosi saa mbili asubuhi, baridi ya Nakuru ikiwa bado mifupani, kaa ufanye karatasi ya mwaka uliopita mpaka mwisho. Usiifanye vipande vipande kwa siku tatu halafu ujipe alama 80.

Zinabaki siku tupu, zile za katikati zisizo na karatasi yako kabisa. Mwaka mmoja mama mmoja wa mtaa wa Rhonda alinipigia simu Alhamisi asubuhi.

"Mwalimu, shikamoo. Kijana yuko hapa nyumbani amelala. Kwani mtihani umekwisha?"

"Marahaba, mama. Haujakwisha, leo hana karatasi. Ila kesho anayo fasihi, na leo ndiyo siku yake ya kuipitia."

"Nimwamshe?"

"Mwache hadi saa tatu, jana alikuwa na mbili. Akiamka umpe chai, na redio izimwe."

Akanyamaza kidogo. "Redio ni ya jirani, mwalimu."

Sikuwa na jibu. Siku iliyofuata nilimwomba mwalimu mkuu ufunguo wa darasa moja lililo mbali na chumba cha mtihani, na tangu wakati huo siku tupu huwa nalifungua saa mbili asubuhi. Wanaokuja hupata meza, kimya, na mimi nikisahihisha daftari zangu pale mbele.