Chembe Imewaka, Jeni Je?

Nimeonyeshwa tena ile picha. Mara hii ni pale Mwanga, kwenye simu ya kijana wetu wa Kigoma anayesoma shahada ya pili: seli za HeLa, zile za saratani zinazokuzwa maabara, zimejaa nukta za kijani za chembe zilizotumwa kupeleka jeni ndani, na chini yake kaandika "jeni imeingia". Kabla yake alikuwa dada mmoja wa Ujiji, na kabla ya huyo mwalimu wa baiolojia. Wote wana kauli moja: ikiwaka imeingia, ikiingia imefanya kazi. Wadogo zangu, hayo ni madai mawili, na picha ile haithibitishi hata moja.

Ya msingi nayapitia mbio. DNA ina chaji hasi, na uso wa seli nao ni hasi, kwa hiyo plasmidi tupu, yaani duara la DNA linalobeba jeni, haipiti. Tunaifunga kwenye chembe yenye chaji chanya, mara nyingi iliyovikwa PEI, polima yenye chaji hiyo, tunapata kifurushi cha nanomita mia na ushee, seli inakimeza. Chembe ikiwa ya kung'aa yenyewe, nukta ya kwanta au nukta ya kaboni, tunaifuatilia kwa hadubini. Nukta za kwanta ndizo zilizowapa Bawendi, Brus na Ekimov Nobel ya kemia mwaka 2023. Zile za kadimiamu zina sumu, ndiyo maana wengi wamekimbilia kaboni. Basi.

Kinachong'aa ni chembe. Jeni haing'ai. Usiku wa giza ukisimama Kibirizi unaona ziwa limejaa taa za wavuvi, lakini hakuna mchuuzi anayehesabu taa akaandika daftarini amepata dagaa ndoo ngapi.

Na hata hiyo chembe, una hakika ni yenyewe? Hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Ukipika nukta za kaboni kwa asidi ya sitriki na amini, chunguni humo humo zinazaliwa molekuli ndogo za rangi zinazong'aa kuliko nukta zenyewe. Usipozichuja kwa dayalisisi, yaani kupitia utando wenye vitundu, ya kutosha, zinajipenyeza kwenye seli peke yao, bila nukta, bila plasmidi, nawe unashangilia. Halafu kuna zilizogandia nje. Chaji chanya inanata kwenye utando, na picha bapa haitofautishi juu na ndani. Weka seli nyingine kwenye nyuzi 4, ambako umezaji unasimama; zikiendelea kung'aa vilevile, ulichopiga picha ni ngozi ya seli. Jaribio hili ni rahisi, barafu inatosha, na bado sioni watu wakilifanya.

Tuseme zimeingia kweli. Zimeingia wapi? Ndani ya endosomu, kifuko ambacho kisipopasuka huishia kwenye lisosomu, tumbo la seli, na huko DNA inakatwakatwa. Mwaka 2013 Gilleron na wenzake walihesabu RNA fupi zilizobebwa na chembe za mafuta: asilimia 1 hadi 2 tu ndizo zilizotoroka hadi kwenye saitoplazimu, ute wa seli. Plasmidi si RNA fupi, na PEI si mafuta, kwa hiyo usininukuu kwa tarakimu hiyo. Ila tazama maana yake: zile nukta kali zinazokufurahisha zinawaka sana kwa sababu chembe zimerundikana kifukoni. Zilizotoka zimetawanyika, mwanga wake umefifia, huzioni. Mara nyingi unapiga picha ya wafungwa na kuwaita wahamiaji.

Zinatorokaje? Vitabu vinasema PEI inafyonza protoni, maji yanafuata, kifuko kinavimba na kupasuka. Nadharia hiyo ya miaka ya 1990 inafundishwa kana kwamba imefungwa, ilhali wapo waliopima pH, kiwango cha asidi, ya lisosomu zenye PEI wasione ikibadilika. Mimi naegemea kwamba PEI inatoboa utando yenyewe. Ukinibana nikupe ushahidi wa kutosha, sina.

Bado kiini. Matundu yake yanaachia kwa urahisi vitu vya chini ya kilodaltoni 40 hivi, kipimo cha uzito wa molekuli. Plasmidi ya jozi 5,000 za besi ina zaidi ya kilodaltoni 3,000. Kwa hiyo inasubiri seli igawanyike, utando wa kiini uvunjike, ijichomeke humo. HeLa zinagawanyika kila siku, ndiyo maana zinakupa matokeo mazuri. Jaribu neuroni, seli za neva zisizogawanyika, uone.

Kwa hiyo tafuta protini. Weka kwenye plasmidi jeni ya GFP, protini ya kijani ing'aayo ya samaki-jeli ambayo mwanakemia Shimomura aliitenga mwaka 1962, subiri saa 24 hadi 48, kisha hesabu seli zilizoitengeneza. Linganisha na seli zilizopewa chembe bila plasmidi, plasmidi bila chembe, na zisizopewa kitu, zote kwa mwangaza uleule wa kamera.

Sasa nasikia mtu akisema chembe zake ni za kijani na GFP ni ya kijani. Ndiyo, na nimeona hilo likipita hadi kwenye utetezi wa tasnifu bila swali. Nukta za kaboni ni wakorofi zaidi, maana nyingi hubadili rangi kulingana na mwanga unaozimulika. Tumia mCherry, protini inayong'aa nyekundu, ikibidi, au lusiferezi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, ambacho hakihitaji kumulikwa kabisa.