Maswali na majibu: Kuchungulia mitokondria za moyo kwa dawa ya mionzi

Mitokondria zina kazi gani kwenye moyo?

Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Karibu nishati yake yote hutoka kwenye mitokondria, vinu vidogo vilivyomo ndani ya seli. Katika seli ya misuli ya moyo vinu hivi huchukua karibu theluthi ya nafasi yote. Akiba ya nishati iliyomo humo ni ya sekunde chache tu, kwa hiyo vikilegea moyo hauna pa kukopa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mishipa iliyo wazi kabisa, na misuli ya moyo wake ikawa hoi.

Ultrasaundi ya moyo haitoshi?

Huonyesha moyo unavyosukuma damu. Ndani ya seli haifiki.

Sasa dawa ya mionzi inafikaje humo?

Mitokondria iliyo hai ni kama betri: upande wake wa ndani una chaji hasi. Sestamibi, dawa inayobeba teknishiamu-99m (elementi inayotoa mionzi ambayo kamera huiona), ina chaji chanya, hivyo huvutwa ndani na kushikwa humo. Si dawa ngeni. Kwa miaka mingi imetumika kupima kama damu inafika vizuri kwenye misuli ya moyo. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi, nami naona wanastahili kulijua, ni hili: kuingia kwa dawa hutegemea zaidi damu, ila kubaki kwake hutegemea ile chaji. Chaji ikififia, dawa huvuja. Picha moja haiwezi kuonyesha uvujaji huo.

Siku ya kipimo inakuwaje?

Unachomwa sindano kwenye mshipa wa mkono. Baada ya saa moja hivi unalala chali, mikono juu ya kichwa, na kamera inazunguka kifua chako polepole bila kukugusa. Saa tatu baadaye unapigwa picha ya pili. Hapo pana hesabu ya kufanya: nguvu ya teknishiamu hupungua kwa nusu kila saa 6, kwa hiyo katika saa 3 hubaki asilimia 71 hivi hata kama misuli haijavujisha chochote. Upungufu unaozidi hapo ndio unaotafutwa.

Ikionekana dawa imevuja sana, nina ugonjwa gani?

Jibu hilo halimo kwenye picha peke yake. Uvujaji mkubwa umeonekana kwa watu wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, wenye moyo uliotanuka, wenye mishipa ya moyo inayojikaza ghafla, na pia kwenye misuli iliyonusurika baada ya mshipa ulioziba kufunguliwa. Tena hakuna kiwango kimoja kinachotumika kila mahali. Usikubali kuitwa mgonjwa kwa namba hiyo tu. Iulizie pamoja na vipimo vyako vingine.

PET, aina nyingine ya picha za dawa ya mionzi, je?

Huko ipo dawa iitwayo asetati, yenye kaboni-11 inayotoa mionzi. Mitokondria huichoma, ikatoka kama kaboni dioksidi, na kasi ya kutoka huonyesha oksijeni inavyotumika. Lakini kaboni-11 hupungua kwa nusu kila dakika 20, hivyo mtambo wa kuitengeneza lazima uwe jirani na kamera.

Mionzi yenyewe ina madhara?

Kiasi ni kidogo, ila hakipuuzwi. Kama una mimba, unahisi unayo, au unanyonyesha, sema kabla ya sindano. Ukishachomwa, kunywa maji na ukojoe mara kwa mara, kwa kuwa sehemu ya dawa hutoka kwa njia hiyo.