Nguo za vichanga za kupeleka vituoni sikukuu hii: kagua kabla hujafunga mfuko

Kila ikifika Desemba napata swali lile lile, dada tumechangishana kwenye grupu tunataka kupeleka nguo kituo cha watoto, tununue nini? Ikikaribia Idi swali linarudi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya vichanga hapa Dar, nguo za watoto nazishika kila siku, kwahiyo leo naandika yote kwa pamoja, na naanza na kitu ambacho karibu hamna mtu anakiuliza: hizo nguo zilikuwa zimehifadhiwa na nini?

Naongelea naftalini, yale madonge meupe yanayonuka kali watu wanaweka kabatini kuzuia nondo na mende. Mtoto akikua nguo zake zinafungwa kwenye mfuko, yanatupiwa humo madonge mawili matatu, zinakaa weee, afu sikukuu ikifika zinatolewa kwa moyo mweupe kabisa ziende kwa kichanga mwingine. Sasa nisikilizeni hapa. Huku kwetu ambako malaria imekaa vizazi na vizazi kuna watu wengi wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho kazi yake ni kuzilinda chembe nyekundu za damu. Wavulana ndo wanaathirika zaidi kwa sababu jeni yake iko kwenye kromosomu X na wao wanayo moja tu. Mtu anaweza kuishi mpaka uzeeni asijue kama anao. Lakini kichanga wa aina hiyo ukimvisha nguo iliyolala na naftalini, mvuke wake anauvuta na mwingine unapita kwenye ngozi, chembe nyekundu zinaanza kupasuka, zikipasuka zinatoa bilirubini, ndo ile inayoleta njano, na ini lake bado changa haliwezi kuiondoa kwa kasi hiyo. Ikipanda sana inafika kwenye ubongo, na ikishaharibu huko hairekebishiki.

Kwahiyo nguo ikinuka naftalini usiipeleke kwa kichanga, na usijipe moyo kwamba ukiifua mara moja imeisha, harufu ikiwepo na dawa ipo. Na kama we ni mlezi, ukiona macho au ngozi ya mtoto imekuwa ya njano, ananyonya kivivu, analala kupita kawaida, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Najua bibi zetu wanasema muanike juani asubuhi atapona, jamani naomba msisubiri jua, mtoto wa hivyo anatakiwa apimwe damu.

Kitu cha pili ni nyuzi. Geuza soksi na glavu za mtoto ndani nje, zile ndogo za kufunika vidole, utaona nyuzi zinaning'inia pale waliposhonea. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unakibana, kidole kinavimba, kadri kinavyovimba uzi unazidi kuzama, na mtoto analia tu hamna anayejua kwanini. Hata unywele wa mama unafanya hivyo. Ndo maana mtoto akilia bila kunyamaza sisi tunamvua soksi tunaangalia kidole kimoja kimoja. Chukua mkasi mdogo, kata nyuzi zote kabla hujaweka kwenye mfuko, ni kazi ya dakika chache. Kamba za shingoni na za kwenye kofia zitoe kabisa, zinaweza kumnyonga. Vifungo vivute kwa nguvu, kikilegea kitakuja kung'oka mdomoni mwa mtoto.

Mitumba mnaniuliza kama ni salama. Ni salama, mimi mwenyewe nawaambia watu waende Ilala, Karume, Manzese, Tandika, robota likifunguliwa asubuhi unapata pamba nzuri kuliko nguo mpya nyingi za bei chee ambazo ni nailoni tupu. Ila ifuliwe, ianikwe mpaka ikauke kabisa, ipigwe pasi ya moto ndani na nje, hasa mishono na kiunoni. Kuna inzi anataga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje, anapenda sana kivulini, ukiivaa yale mabuu yanaingia kwenye ngozi na kutokea kama jipu. Pasi inayaua. Vituo vingi nguo zinaanikwa nje kwenye kamba ndefu, na mlezi mmoja ana watoto kibao, hana muda wa kupiga pasi nguo moja moja, kwahiyo ukipeleka pasi imara ya umeme umetoa kitu cha maana kuliko mfuko mzima wa magauni.

Saizi sasa. Watu wote wananunua za vichanga kwa sababu ni ndogo na zinapendeza. Lakini mtoto anaongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili akifika kama miezi mitano, na mara tatu akifika mwaka, yaani nguo ya miezi sifuri mpaka mitatu anaiaga haraka mno. Stoo imejaa vinguo vya kichanga na mtoto wa miezi tisa anashinda na fulana inayomkata kwapani. Nunua za kuanzia miezi sita mpaka miaka miwili. Kwenye mitumba ya Ulaya ukikuta lebo imeandikwa 62, 68, 80, hiyo ni urefu wa mtoto kwa sentimita, sio miezi, 80 ni mtoto wa mwaka hivi.

Na joto. Desemba Dar inapita nyuzi 30 na unyevu juu yake, ovaroli la manyoya lenye masikio ya sungura ni zuri kwenye picha ila mtoto anatoka jasho na vipele shingo nzima. Fulana ya pamba na kaptula basi, usiku nguo nyepesi ya mikono mirefu inayomfunika na mbu. Ukitaka kujua kama kavishwa sana shika shingo yake kwa nyuma, sio viganja, viganja vya mtoto vinapoa tu hata akiwa sawa.

Tofauti ni njiti. Hao hawawezi kutunza joto, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri huduma ya kangaroo ianze mara tu mtoto anapozaliwa, kifua kwa kifua na mama, kwa muda wa masaa 8 mpaka 24 kila siku. Kule mtoto anavaa kofia, soksi na nepi tu. Kama unapeleka wodini sio kituoni, peleka hivyo vitatu na kanga laini zilizofuliwa, maana kuna akina mama wanajifungua na kanga moja tu waliyokuja nayo.

Maziwa ya kopo usinunue kabla ya kuuliza, kila mtoto ana yake anayotumia na kwa watoto wengine mama au ndugu anayenyonyesha yupo. Piga simu kwanza uongee na matroni, uliza wapo wangapi na wa umri gani. Kituo hukijui? Muulize afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 makao ya watoto lazima yawe na leseni. Na picha za sura za watoto usirushe mtandaoni, ukitaka kuwaonyesha mliochangishana piga picha ya mifuko.

Mkiwa kwenye grupu gaweni mchango. Krismasi wageni ni wengi, soda na mchele vinazidi, mwisho wa Januari ndo pampasi, sabuni na luku vinaisha na hamna anayepiga hodi. Nusu ya hela iacheni mpaka hapo. Na kwenye kila mfuko wa nguo andika umri kwa maka peni, upande wa nje, ili matroni asilazimike kuufungua wote kutafuta suruali moja ya mtoto wa mwaka.